Mfanyabiashara Aliyemwaga Sukari

Riwaya ile niliinunua sokoni Mchikichini, ilikuwa imezikwa chini ya rundo la viatu vya mtumba, haina jalada wala kurasa za mwanzo. Nilikuwa nimekwenda huko kupoza hasira. Baba alikuwa amekataa tena kunipa chumba cha nyuma ya nyumba yetu, Kariakoo, nihifadhi mzigo, na Idi ndiyo hiyo inabisha hodi. Nauza mashuka. Muuzaji wa jumla alikuwa tayari kuniachia marobota kwa bei chee, ila alitaka jibu siku hiyohiyo. Chumba kipo, kitupu, kinafagiliwa na kufungwa kufuli, na mwenyewe hasemi kwa nini!

Dukani sikutulia. Nasoma nimesimama, nakaa, nainuka, namjibu mteja, nikirudi kitabuni sijui niliishia wapi. Kilimhusu mfanyabiashara aliyesikia kwamba msako unakuja mtaani kwake. Akabeba sukari na sabuni ya unga, mali yake mwenyewe, akaenda kuzimwaga baharini. Nilikasirika kweli. Msako gani? Wa nani, wa lini? Hakuna maelezo, kana kwamba kila msomaji alikuwepo. Nikaamua mwandishi kajitungia tu, tena hajawahi kuuza hata kiberiti. Mwenye akili zake atamwagaje sukari, na nje watu wamepanga foleni ya sukari?

Alasiri nilifunga duka mapema nikaenda kujaribu tena. Baba alikuwa barazani anakata kucha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kama ni chumba, jibu ni lilelile."

Ili tusigombane, nikamsimulia habari za yule mwendawazimu wa kitabuni. Nilicheka peke yangu. Baba aliacha kukata kucha.

"Na sabuni ya unga nayo kaimwaga majini?"

"Yote."

"Basi huyo mwandishi kasimuliwa tu. Sukari sawa, inayeyuka. Unaimwaga chooni, unafuatishia ndoo za maji. Sabuni inakuumbua. Povu lilipanda likajaa uani hapo mpaka mlangoni kwa jirani. Tunalizoa kwa karai, mama yako analia, na wewe hujazaliwa."

Kicheko kilinikauka. "Baba, kwani ulikuwa mlanguzi?"

"Nilikuwa na duka. Siku zile serikali ilikuwa inasaka walanguzi wanaoficha bidhaa, na ukikutwa na katoni zimepangwa, nani atakuuliza ulizinunua wapi? Jirani yetu alikamatwa kwa sukari ya harusi ya binti yake."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningeanzia wapi? Na wewe ungecheka."

Nilikosa pa kuweka uso. Yeye akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kile chumba, akaniwekea kiganjani.

"Lete mashuka yako. Ila mimi nitavuka maji kwenda Kigamboni nikakae kwa shangazi yako mpaka uyamalize. Siwezi kulala na mzigo nyuma ya ukuta."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, akarudia kucha zake. Simu ikaita, muuzaji wa jumla. Nilizunguka ua mara kadhaa kabla ya kupokea, nikamwambia atafute mteja mwingine. Iliniuma, sitadanganya. Idi ile wenzangu waliuza mpaka sauti zikawakauka, na mimi nilikaa na hasira zangu zote, nisijue safari hii nimkasirikie nani.