Mdomo wa Ndabazi

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo naikumbuka kwa harufu yake. Nilitoka ndani, nyumbani kwetu Makere, nikiwa na bakuli la chai na makombo ya maandazi mkononi, nikamkuta mbwa wetu Ndabazi amesimama pale alipofungwa, mate yanamchuruzika, shavu limevimba chini ya jicho la kushoto. Nilimsogezea bakuli. Alinusa, akageuza uso. Baba alikuja, akamtazama mara moja tu, kisha akainua macho kuelekea ng'ambo ya uzio, kwa Mzee Bukuru.

"Wameshamaliza kazi yao," alisema.

Ili unielewe, lazima kwanza nikueleze hilo jina. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mbwa hapewi jina kwa ajili ya mbwa. Hupewa jina ili jirani asikie. Ndabazi maana yake ni "nawajua", na baba alikuwa akimwita kwa sauti kubwa kila alipomwona Mzee Bukuru uani kwake akipepeta maharage. Mzee Bukuru aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikulia hapa, akalima hapa, akaoa hapa, na leo ni raia kama mimi. Kwa baba, hata hivyo, alibaki mtu wa kuchunguzwa. Mashamba yetu yalipakana, na ngedere wa msituni walikula mahindi yetu zaidi kuliko yake. Baba alilihesabu hilo kuwa ushahidi dhidi yake.

Halafu msimu mmoja mbwa wa watu wa mtoni walikufa kwa nyama yenye sumu, na mbuzi wakaibwa. Hakuna aliyejua nani kafanya. Baba alikaa na jambo hilo siku nzima, kisha akatoa amri iliyosikika kuwa ya busara: mbwa aliyeshiba hapokei nyama ya mgeni. Tangu hapo kazi yangu ikawa kumshibisha Ndabazi. Asubuhi nilimpa chai ya sukari iliyobaki, pamoja na makombo ya maandazi. Mchana na jioni alikula ugali wa muhogo, laini, uliolowekwa kwenye machicha ya mawese. Mfupa alikatazwa kabisa, maana mfupa unaweza kurushwa na mtu juu ya uzio. Kutembea shambani alikatazwa pia, kwa hofu ya atakachookota njiani. Kutwa nzima alifungwa, akila na kulala.

Akanenepa, mwanangu. Mgongo ukawa bapa kama kigoda. Wageni walimsifu. "Mbwa huyu anakula kumshinda mwenyekiti wa kijiji," walisema, na sisi tukacheka kwa fahari. Ngedere walipoingia shambani alibweka akiwa amekaa.

Mimi nilikuwa kijana wa kupenda kuchunguza, na dalili niliziona zote. Niliona alivyoanza kutafuna kwa upande mmoja. Niliona tonge likimdondoka. Niliisikia harufu ya mdomo wake, kama muhogo ulioozea kwenye maji. Lakini nilikuwa nimeshampata mkosaji kabla sijalijua kosa, kwa hiyo kila dalili niliipeleka kwa Mzee Bukuru. Nilikagua uzio, nikakuta nyayo za makatambuga, vile viatu vya matairi. Mzee Bukuru alivaa makatambuga. Sikujiuliza ni nani mwingine kijijini aliyevaa makatambuga, na jibu lilikuwa miguuni mwa baba yangu.

Sasa rudi nami kwenye asubuhi ile. Habari za mate zilisambaa, vijana wakaja na marungu. "Ana kichaa huyu," mmoja wao alisema. "Tummalize kabla hajang'ata mtoto." Baba naye alikuwa anavaa koti ili aende kwa mwenyekiti kumshitaki Mzee Bukuru kwa kuwekea watu sumu. Fikiri vizuri hapo. Mbwa ukimuua kimakosa, umepoteza mbwa. Lakini mtu aliyekuja na wakimbizi ukimtangaza kijijini kuwa mtia sumu, neno hilo hulirudishi tena. Litamfuata hadi kwa wajukuu.

Aliyetuzuia ni Shangazi Stefania, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa amekuja kutoka Kitanga kututembelea. Alisimama mlangoni na kanga yake, hakupandisha sauti.

"Wewe mdogo wangu, huo ugonjwa umeuona kwa macho au umeuota?"

"Dada, hujui watu wa hapa."

"Watu siwajui. Mbwa nimemsikia tangu jana, ananuka. Sumu inanuka namna hiyo?"

Shangazi akawageukia vijana. "Na nyie wanaume wa marungu, mtu asimguse huyu mbwa, wala asimuue. Amefungwa, hawezi kukimbia. Aitwe bwana mifugo, yeye ndiye aseme kama ni kichaa."

Hapo ndipo sauti ilipotoka ng'ambo ya uzio. "Mwakeye," Mzee Bukuru alitusalimu. "Baiskeli yangu ina upepo. Naweza kumfuata bwana mifugo."

Baba alimshika shangazi mkono. "Unaona? Kwa nini anajali hivyo? Anataka kuwahi kumpa maneno."

"Mchawi mpe mwana akulelee," shangazi alisema. "Mwache aende."

Bwana mifugo alifika kwa pikipiki, Mzee Bukuru akifuata nyuma na baiskeli yake. Hakukimbilia kumshika mbwa. Aliuliza kwanza kama alichanjwa kichaa, na kweli alikuwa amechanjwa. Alisogeza maji kwa mti mrefu, Ndabazi akanywa huku akilia kidogo. Aliangalia uvimbe kwa mbali. "Hiki hakifanani na kichaa," alisema, "lakini mdomo kama huu haufunguliwi kwa imani tu." Alivaa glavu, akamfunga mdomo kwa kamba, akamchoma dawa ya usingizi. Mbwa alipolala, ndipo akamfungua.

Ugaga ulikuwa umeshika kwenye meno kama masizi kwenye sufuria. Fizi zilikuwa zimevimba na kutoa damu. Gego moja la juu lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, na usaha umepanda hadi chini ya jicho. Lilipong'olewa, harufu iliwafanya hata wale wa marungu warudi nyuma.

"Nani anampa huyu sukari?" bwana mifugo aliuliza. "Na kwa nini mnene hivi? Nimetafuta mbavu, sizioni."

Watu wote walinitazama mimi, na mimi nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama makatambuga yake.

Shangazi alinena taratibu, akinielekea mimi, ingawa nilijua neno hilo halikuwa langu peke yangu. "Nyayo za Bukuru mmezikagua. Uso wa Bukuru mmeukagua. Mdomo wa mbwa wenu, ambao mnautia chakula kila siku kwa mikono yenu, hamkuufungua. Kikulacho ki nguoni mwako."

Baba alivua koti, akalirudisha ndani. Kwa mwenyekiti hakwenda. Mzee Bukuru alipoaga, baba alimsindikiza mpaka kwenye uzio, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliporudi aliniambia kwa sauti ya chini, "Bado namwangalia." Lakini mbwa hakumwita tena kwa sauti kubwa.

Mwanangu, nimekuona pale Kasulu mjini ukimrushia mbwa wako biskuti na kumwonjesha soda, na watu wakisifu unene wake. Usiwaamini wanaosifu. Nimesoma na kujaribu tangu siku ile, na nakwambia nililolithibitisha. Chakula cha mbwa kiwe na kipimo, na anayekitoa awe mmoja, maana nyumba yenye wapaji wengi kila mmoja hujiona mkarimu, na mnyama ndiye anayelipa. Pitisha kiganja ubavuni mwake: mbavu uziguse bila kuzitafuta. Mtembeze kila siku. Chai, soda na maandazi si vyake. Mfupa uliopikwa usimpe, huvunja meno na kutoboa utumbo. Tangu akiwa mdogo mzoeze kufunguliwa mdomo, umfute meno kwa kitambaa safi chenye maji, na dawa yako ya meno usimpake. Akinuka mdomo, akitafuna upande mmoja, akidondosha tonge, usingoje uvimbe. Na akitokwa mate na humwelewi, usiingize mkono. Mfunge kama unaweza bila hatari, waweke watoto mbali, umwite mtaalamu.

Kushuku sikukatazi. Dunia ina wezi, na sumu ipo. Nakuomba tu uanze kushuku bakuli uliloshika, kisha mkono ulioshika bakuli, na uzio wa jirani uwe wa mwisho. Ndabazi alipungua, akarudi kukimbiza ngedere, na mara nyingi aliwafukuzia hadi ndani ya mahindi ya Mzee Bukuru, akawatoa na huko pia.

Imana, Mungu wa kwetu, akupe macho ya kuona kilicho karibu, akupe jirani wa kupanda baiskeli kwa ajili yako, na viumbe vyote vinavyokula mkononi mwako vipate kupona.