Kadi Isiyo ya Mchango

Huku kwetu Mbinga siku hizi kadi ni moja tu: ya mchango. Ukimwona mtu anakuja na bahasha mkononi, unaanza kufikiria utatokea mlango gani. Tadea alilijua hilo vizuri, maana droo ya cherehani yake ilijaa kadi za harusi za watu. Sasa mtu mwenye akili zake anatengenezaje kadi za kuwaomba marafiki wawe wapambe wake, anazitia kwenye bahasha, halafu haandiki kitu juu? Lakini jamani, msimlaumu. Akili zake hazikuwapo.

Mama yake, Beata, alifariki wakati wa Kwaresima, harusi ikiwa imeshapangwa. Wazee wakakaa, wakasema marehemu mwenyewe ndiye aliyeihangaikia, basi ifungwe baada ya mavuno ya kahawa. Tadea akasema sawa. Tangu siku hiyo kila alichoambiwa alisema sawa. Makaburini hakulia, arobaini hakulia, na majirani pale kijijini kwao Ruanda hawakukosa la kusema. "Binti ana moyo mgumu yule," walinong'ona, kwa sauti ambayo hata mbuzi walisikia. Wala halikumuudhi. Na hilo ndilo lililomtisha: hakuna kilichomuudhi, hakuna kilichomfurahisha. Wilfred, mchumba wake, kijana mwema asiye na doa, akimshika mkono, Tadea alihisi kama ameshikwa mtu mwingine.

Wazo la kadi aliliona kwenye simu. Akaenda dukani kwa Hasna, akanunua karatasi za manila, gundi na utepe. Maganda makavu ya mgomba akayachuna nyuma ya nyumba. Akayakata vigauni vidogo, akavibandika, akavifunga utepe kiunoni. Alidhani mikono ikishughulika, huenda na moyo ukaamka. Basi mikono ikashughulika wee, vigauni vikatoka vizuri sana, na yeye akavitazama kama mtu anayetazama vitunguu vya jirani sokoni.

Kadi ya kwanza alimpa Vitalia, aliyekuwa akishona naye mjini. Vitalia akaguna. "Nitatoa kidogo, mwenzangu, mwezi huu nimebanwa." Akaitia kwenye pochi.

"Fungua basi," Tadea akamwambia. Vitalia akafungua, akapiga kelele, akamkumbatia mpaka wateja wakageuka. Tadea naye akatabasamu, kwa kuwa ndivyo watu hufanya.

Ya Herieth ilikwenda Kihagara, kule ziwani, kwa mkono wa kondakta wa basi. Herieth alikuwa mwalimu huko, lakini alikulia nyumba ya jirani, na ugali wa Beata aliula kuliko wa kwao. Siku ya msiba alishinda jikoni na kina mama akipikia waombolezaji, hata kukaa na Tadea hakupata nafasi. Sasa badala ya jibu, simu ya Tadea ikaingia hela na ujumbe: "Nisamehe ni kidogo. Mungu awatangulie."

Shangazi Aurelia alipopata habari hakuchelewa. "Kama huyo wa ziwani hana habari na wewe, nafasi ya kando yako tumpe dada yake Wilfred."

Tadea alishafungua mdomo aseme sawa.

"Hapana, shangazi," akasema, na mwenyewe akashangaa. "Nataka Herieth. Nakwenda kumuuliza."

Alimkuta Herieth nyumbani kwake Kihagara anaanika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja. "Heee, Tadea! Kwani hela haikufika?"

"Ilifika. Kadi umeisoma?"

"Kadi ya mchango nayo inasomwa?"

Ilikuwa imechomekwa kwenye fremu ya kioo, pamoja na za wengine, bahasha haijaguswa. Tadea akaichomoa, akampa. Herieth akaifungua kwa vidole vinavyonuka samaki. Alipoona kigauni na swali lililoandikwa kando yake, akacheka mpaka akashika mlango. "Mungu wangu! Naombwa upambe, mimi natuma hela!"

Kisha macho yakashuka mpaka mstari wa mwisho, alioandikiwa yeye peke yake: "Mama angekuwepo, asingekubali mwingine asimame pale."

Kicheko kikakatika. Herieth akakaa chini mlangoni hapo hapo, akalia kwa kwikwi, kilio alichokiacha jikoni siku ile ya msiba.

Tadea akakaa ubavuni pake, akasubiri na yeye machozi yamjie. Hayakuja. Akamwonea mwenzake wivu, wivu wa kweli, na wivu huo ndio ulikuwa kitu cha kwanza kumuuma tangu Kwaresima.

Herieth akavuta upindo wa kanga, akajifuta kwa aibu. "Nisamehe, mwenzangu. Bibi harusi hapokewi kwa kilio. Haya, nanyamaza."

"Usinyamaze," Tadea akamwambia, akamshika mkono. "Mimi machozi yamegoma. Lia na ya kwangu."