Chuma cha Kupimia Uwanja wa Farasi

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo na la kipumbavu: je, uwanja ni mgumu, au mkono wangu ni dhaifu?

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha elimu ya udongo. Nyumbani Thika walinichinjia mbuzi. Hawakujua kwamba elimu yote ile ingeishia Ruiru, kudunga ardhi kwa chuma chenye alama ili farasi wa masetla wasiumie wanaporuka vizuizi. Miaka ile mtu wa kwetu hakuweza kwenda kumwona shangazi yake bila kibali mfukoni. Farasi hakuulizwa kibali, na mimi nililipwa kuhakikisha anatua pa starehe.

Kazi yenyewe ni kusukuma chuma kwa mkono, kusoma kimezama kiasi gani, kisha kuandika neno moja kwa chaki kwenye ubao wa langoni: laini, nzuri au ngumu. Wapandaji husoma ubao ndipo waamue kuruka. Msukumaji awe na uzito gani, hakuna aliyesema. Mimi nilikuwa mwembamba kama ufito.

Kiangazi kilikuwa kimeukausha uwanja. Asubuhi ya mashindano chuma kiligoma kila mahali farasi wanapotua. Mwenyekiti, setla mwenye tumbo la heshima, akaja na bakora yake, akaidunga kando ya hema la chai, palipomwagiliwa maua ya mkewe. Ikazama kama kisu kwenye ndizi mbivu.

"Ona! Mimi natia, naingia. Wewe natia, hapana ingia. Uwanja hapana mbaya, mkono yako mbaya. Kula posho mingi! Andika nzuri, ama mimi natafuta msomi ingine."

Bwana, farasi hawatarukia hemani. Hilo nililisema kimoyomoyo. Kwa sauti nilisema, "Ndiyo, bwana."

Saisi aliyemtunza farasi jike wa kuruka kwanza alikuwa amesimama karibu, akimsugua shingo. Farasi akivunjika mguu hupigwa risasi. Saisi wake hufukuzwa shambani na watoto wake kabla ya jioni. Nani kati yao ana nafuu, bado sijaamua.

"Msomi, hicho chuma kinasema nini?"

"Kinasema mimi ni dhaifu."

"Hilo hata mke wangu analijua. Lete hapa!"

Alikuwa pande la mtu. Akakilalia chuma kwa kifua, mahali pa kutua, hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikusogea.

"Labda ni kwa sababu sijala," saisi akasema akicheka.

"Umemaliza viazi vyangu sasa hivi."

Akaitazama ardhi, kisha farasi wake. Hakucheka tena.

Mtu wa kawaida angeridhika. Mimi nilianza kumshuku saisi. Huenda naye ni dhaifu. Huenda chuma ni butu. Huenda bakora za Uingereza zina hekima yake. Niliwaza hivyo hadi tandiko likafungwa na mpandaji akaanza kuvaa glavu.

Mwenyekiti alikuwa akinywa chai. Nikaenda langoni, nikaandika NGUMU kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari chini. Kisha, kwa kuwa najijua, nikaenda kuitupa chaki chooni nisije nikarudi kusahihisha.