Nilimuambia Papa Kilometa Njo Zinashusha Bei

Admin, ukiiweka hii, toa jina langu na la parokia yetu. Likasi ni muji mudogo na Papa, baba yangu, naye anasomaka hii page.

Niko binti wa miaka kumi na saba, darasa la mwisho la sekondari, tunakaa Shituru kwenye nyumba za kampuni. Kwa masomo ni Kifaransa, nyumbani ni Kiswahili, lakini mbele ya watu lugha zote mbili zinanikimbia. Mutu akiniuliza kitu najibu na kichwa. Mama anasema sauti yangu niliiacha materniti, kule nilizaliwa.

Papa iko na mutuka ya sport, nyekundu, milango mbili, alinunua kwa muzungu mumoja aliyekuwa anarudi kwao. Mwaka huu aliamua kuiuza ili nikasome udaktari Lubumbashi. Hakutaka makomisionere, wale wanaokutafutia munuaji, maana anasema wanakulaka pande zote mbili. Akaniita minye.

"Weye unasomaka. Ingia mule, angalia kila kitu, uniambie bei ya kweli."

Nilifurahi, sitaficha. Ni mara ya kwanza Papa aliniomba kitu cha watu wakubwa. Niliangalia tairi, kutu chini ya milango, kiti cha dereva chenye kimepasuka. Usukani uko kulia, na kwetu mutuka zinapitaka upande wa kulia, hapo bei inaanguka, kwani kwenye barabara ya Lubumbashi dereva hawezi kupita lori mupaka mutu wa pembeni amuambie njia iko wazi. Nikapiga picha ya saa ya kilometa: elfu mia moja tisini na mbili. Nikalinganisha na zile wanauzisha kwenye mtandao. Nikamuambia Papa dola elfu sita.

"Sita tu?"

"Ni kilometa njo zinashusha, Papa. Zingekuwa nusu, ungepata ata tisa."

Akafunga mulango wa mutuka, akaingia nyumbani. Nilifikiri amehuzunika.

Juma lililofuata mutuka ilikaa kwa fundi siku mbili. Kubadilisha mafuta, Papa alisema. Siku mbili juu ya mafuta? Iliporudi akanituma nipige picha mupya za kutangaza. Nikawasha mutuka, nikaangalia ile saa. Elfu themanini na nane.

Kwanza nilimushuku fundi. Nilifikiri ametutolea saa yetu akaiuza, akatuwekea ya mutuka ingine. Nikakimbia kumuambia Papa. Alikuwa anafunga viatu, hakuinua kichwa.

"Ile ya zamani ilikufa. Alitia ingine. Basi."

Nikamuamini. Ila nilipofungua picha zote mbili kwenye telefone, nikaona kwenye kioo cha ile saa, karibu na mushale wa mafuta, mukwaruzo uleule, umepinda vilevile kama ndoana. Ni saa ileile, admin. Namba tu njo ilirudi nyuma.

Tangu hapo kila kitu cha nyumbani nakipima. Papa akipigiwa simu anatoka inje. Sala yake mbele ya chakula imekuwa ndefu. Mama akikoroga bukari, ule ugali wetu, na Papa iko karibu, nikiingia wote wawili wananyamaza, halafu Mama ananiuliza kama nimeosha sahani. Anajua? Hajui? Ata ile sahani naiosha na mashaka.

Sasa munuaji alikuja, na hakuwa mugeni. Ni parrain wangu, mwenye alinisimamia ubatizo. Alivunja majiwe kwenye machimbo ya Kakontwe mupaka kifua kikamushinda, na ile feza walimupa ya kutoka kazini, anataka kununua mutuka ya kukodisha kwa maarusi. Alizunguka mutuka yote akiigonga na kidole.

"Eh, ndugu yangu! Kilometa kidogo hivi? Ulikuwa unaiendesha ao unaiabudu?"

"Ni mutuka ya misa tu," Papa akajibu, na akacheka kupita kiasi.

Parrain akanigeukia. "Wauzaji wote ni waongo, ata huyu baba yako. Lakini weye mutoto wangu hausemake mingi, na ukisema haudanganyake. Hii namba ni ya kweli?"

Papa alikuwa anapangusa kioo chenye kilikuwa safi tayari. Nikatikisa kichwa: ndiyo.

"Basi nimemaliza," parrain akasema, akatoa nusu ya elfu tisa palepale. Ingine ataleta Jumapili, kisha misa ya pili, aondoke na mutuka.

Jana nilijikaza. Nikasema, "Papa, ule mukwaruzo wa kioo..." Hakuniacha nimalize.

"Masomo yako unataka nani alipe? Parrain yako iko na furaha. Weye uko na shida gani?" Halafu, pole pole, akaongeza: "Na si ni weye ulinionyesha penye bei inashukia?"

Ile neno haitoki kwa roho yangu. Maana sasa najishuku minyewe. Siku ile nilimuambia Papa bei tu, ao nilimufungulia njia nikijua atapita? Nilitaka sana kwenda Lubumbashi.

Nikisema, Papa anakuwa mwizi mbele ya parokia yote, na masomo yanakufa. Nikinyamaza, mutu aliyenibeba kwenye ubatizo atasukuma mutuka ile ikimufia barabarani, bibi-arusi ndani, na feza yake ya mwisho imekwisha. Na atakumbuka nani alimuhakikishia.

Ninyi wazazi, ninyi wakubwa zangu munaosoma hapa, musimutukane Papa, nawaomba. Jumapili iko karibu. Nimuendee parrain mbele ya ile siku? Na nikifika kwake akanifungulia mulango, neno la kwanza niseme nini? Niandikieni lile neno tu. Minye nitalishika kwa kichwa, nitalisema vile mumeliandika.