Saa Iliyosimama Mkononi mwa Baba Mkwe

Nakumbuka Jumapili moja, msimu wa kuchuma kahawa, wanaume watatu walipokaa kukizunguka kitanda cha mgonjwa wakabishana kuhusu saa. Mgonjwa alikuwa baba mkwe wangu. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi, nikisubiri wanyamaze nimlishe, mpaka mtori ukapoa.

Nimeikumbuka leo, mwanangu, kwa sababu yenu. Tangu mfike asubuhi kutoka Moshi mmekaa hapo barazani, wewe Godfrey na wenzako, mnatazama saa za wapiga mbizi kwenye simu. Mmoja anasema ni chuma tu kilichopewa jina kubwa. Mwingine anasema mtu akiivaa anaheshimika hata kabla hajafungua mdomo. Mkaniuliza bibi yenu naonaje, nikawajibu nimechoka. Kweli nimechoka, magoti haya yananisumbua kila mvua ikikaribia. Lakini nimechoka pia kwa sababu mabishano hayo niliyasikia zamani, karibu maneno yale yale, katika nyumba hii hii, na sikutegemea kuyasikia tena. Basi sogeeni. Nitasimulia polepole, maana haraka siku hizi siiwezi.

Baba mkwe wangu, Mzee Anaeli, alikuwa kiongozi wa wageni mlimani. Watu wa hapa Marangu walimwita Meku, kama tunavyowaita wazee wetu wa kiume. Kabla mimi sijaolewa hapa, alimpandisha mgeni mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzamia baharini, akikagua nguzo za madaraja na matumbo ya meli. Mgeni huyo alizidiwa karibu na kilele, akawa haoni vizuri, anaongea maneno yasiyoeleweka. Meku alimbeba mgongoni akashuka naye kwenye baridi ile, akapumzika, akambeba tena, mpaka wakafika pale mtu anapopata hewa ya kumtosha. Mgeni alipopona alivua saa yake akaifunga mwenyewe mkononi mwa Meku.

Ilikuwa saa nzito, ya chuma kinachong'aa, na juu yake pete inayozunguka yenye alama za dakika. Walisema mzamiaji huizungusha ile pete ajue hewa yake imebaki kiasi gani. Haikuwa na betri. Ilijijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa.

Meku hakuwahi kuiona bahari. Aliivaa saa ile akikata majani ya ng'ombe, akizibua mfereji, akienda ibadani. Ilipata mikwaruzo, naye hakujali. Watu walipomuuliza ina thamani gani, alisema ni saa ya mtu aliyefika salama kwao, akaishia hapo. Nadhani hakuwa na jibu lingine.

Wanawe ndio walikuwa na majibu. Mkubwa, Elisante, alikuwa karani mjini Moshi, anavaa shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni. Mdogo, Elia, ndiye babu yako, mume wangu. Kwa kuwa ni kitinda mimba alibaki hapa kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake, kama desturi yetu ilivyo, na kazi ya mlimani akairithi. Ndugu hawa walipendana. Lakini wakikutana, chakula kikishaliwa na pombe ya mbege ikishaonjwa, ni lazima wairudie saa ya baba yao. Elisante alisema saa kama ile haichakai, kila mwaka inazidi kutafutwa, na kwamba mtu anayejua saa akiiona mkononi mwako anakukaribisha ukae. Elia alisema yeye hajali wanaokaribishana. Anachojua ni kwamba kule juu, alipopanda na baba yake, saa za wenzake ziliingia ukungu na kusimama, hiyo ya baba ikaendelea. Jirani yetu, Mwalimu Ndemasi, aliwacheka wote wawili. Yeye alikuwa na saa ya betri ya sokoni, na kila siku alihakikisha inakwenda sawa na redio wakati wa taarifa ya habari. Aliuliza huku Marangu tunazamia wapi, kwenye mfereji?

Sikatai, yalikuwa mabishano matamu. Hata mimi nikiosha vyombo nilikuwa nasikiliza nacheka.

Kisha Meku akapatwa na kiharusi. Alianguka bandani, ndoo ya maziwa ikamwagika, tukamkimbiza hospitali. Aliporudi nyumbani upande wa kushoto ulikuwa umelegea, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida, ingawa akili yake ilikuwa nzima kabisa. Muuguzi alinifundisha namna ya kuunyoosha ule mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja, kisha kiwiko, kisha bega, asubuhi na jioni. Alisema ukiachwa utakakamaa.

Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Elia alikuwa mlimani mara kwa mara, Elisante yuko mjini. Kwa hiyo nikabaki mimi. Ninyi vijana labda hamwezi kujua uzito wake. Mimi ni mkwe. Kwetu hapa mkwe hamwangalii baba mkwe machoni ovyo, sembuse kumvua nguo na kumwosha. Nilipokuwa namwosha yeye aligeuza uso ukutani, na mimi niligeuza wangu dirishani, tukawa tunasaidiana kwa mtindo huo. Sijui nani kati yetu aliyeumia zaidi.

Wiki moja niliona mkono umezidi kulegea. Awali alikuwa anaweza kushika kikombe kwa kuegemeza, sasa vidole havikufunga hata kidogo. Nilimtumia Elisante ujumbe kwa jamaa aliyekuwa anateremka Moshi: njoo, mkono wa baba umekuwa mbaya. Elia naye alishuka kutoka mlimani. Jumapili baada ya ibada wote wakafika, na Mwalimu Ndemasi akaja nao kumjulia hali mgonjwa.

Wakaingia, wakaamkia shikamoo, Meku akaitikia kwa shida. Elisante akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa kushoto wa baba yake. Mimi nikashukuru moyoni. Nikasema sasa nimepata msaada.

Akaugeuza mkono, akaitazama saa, akasema, "Mbona imesimama?"

Yakaanzia hapo. Elia akainama kutazama, akasema haijawahi kusimama tangu aijue. Elisante akasema pengine mafuta yamekauka ndani, inataka fundi wa kweli, siyo hawa wa stendi. Mwalimu Ndemasi akasema alijua siku hii itafika, saa yake ya sokoni inakwenda na hii ya matajiri imelala. Elisante akachukia, akasema watu wasiojua vitu vizuri wasivisemee. Elia akamtetea Mwalimu. Sauti zikapanda. Mwisho Elisante akaivua ile saa kwenye mkono wa baba yake, akauacha mkono ukaanguka juu ya blanketi, akaanza kuitikisa sikioni. Akatikisa tena. Mshale ukaanza kutembea.

Walifurahi, mwanangu. Elisante alicheka kama mtoto, akampa Elia asikilize, Elia akampa Mwalimu, na Mwalimu naye akakiri kwamba ina sauti nzuri.

Meku akasema kitu. Hawakusikia. Akasema tena, na safari hii wakanyamaza, kwa sababu alikuwa analia.

"Saa imeamka," alisema. Neno moja moja, kwa taabu. "Ilisimama kwa sababu mkono hautembei. Mmeitikisa saa. Mkono je?"

Akavuta pumzi, akaendelea.

"Tangu mmeingia hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Huyu mtoto wa watu," akanielekeza kwa macho, "ndiye ananiosha. Nina wana wawili, na ananiosha mkwe. Mnajua aibu yangu?"

Mwalimu Ndemasi alisimama, akavua kofia, akatoka nje bila kuaga. Baadaye niligundua alikuwa amewakatia ng'ombe majani, akayaacha mlangoni mwa banda akaenda zake. Elia aliiweka saa mezani, akapiga magoti kando ya kitanda. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Muuguzi alikufundishaje?" Nikaweka bakuli chini nikamwonyesha: kidole kimoja kimoja, kisha kiwiko, kisha bega. Mikono yake iliyozoea kubeba mizigo mlimani ikafuata yangu.

Elisante ndiye aliyeshindwa. Simlaumu sana, nimeishi muda mrefu wa kutosha kujua kwamba aibu humkimbiza mtu kama moto. Alisimama katikati ya chumba, akasema gari la mwisho la kuteremka Moshi litamwacha, na kwamba ataichukua saa akaionyeshe fundi, atairudisha Jumapili ijayo. Elia alitaka kumzuia. Meku akasema, "Mwache achukue. Ila arudi."

Jumapili iliyofuata hakuja. Akatuma salamu kwamba kazi zimebana. Iliyofuata akatuma sukari na sabuni. Nafikiri kila alivyochelewa ndivyo kurudi kulivyozidi kuwa kugumu, mpaka kukashindikana.

Elia aliacha safari za mlimani kwa msimu ule wote. Alimwosha baba yake mwenyewe, akamnyoa, akamnyoosha mkono. Wakati wa kunyoosha, Meku alimsimulia mambo ambayo hata mama mkwe labda hakuyajua: jinsi alivyoogopa mara ya kwanza kupanda, na jinsi alivyolia njiani akiwa amembeba yule mgeni, akidhani wamekufa wote wawili. Asubuhi moja vidole vilifunga. Vilifunga kidogo tu kwenye kidole gumba cha Elia, vikakishika. Elia aliniita kwa kelele nikadhani kuna msiba, kumbe wanacheka.

Lakini kila geti lilipolia, Meku aligeuza kichwa. "Ni Elisante?" Nikisema ni jirani, alisema, "Haya." Akisikia viatu tena, anauliza tena. Alifariki masika yalipoanza, usingizini, Elia akiwa kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Elisante alifika mazishini. Alibeba jeneza, akalipa alichotakiwa kulipa, akaondoka, na saa ilikuwa mkononi mwake. Hakuna aliyemuuliza.

Miaka ikapita mingi. Babu yako Elia naye akatangulia. Elisante alistaafu, akaanza kuja hapa mara chache, anakaa barazani, anakunywa chai, anaulizia kahawa, anaondoka. Halafu siku moja, siyo zamani sana, alikuja peke yake. Nywele zote zimekuwa nyeupe. Chai haikunywewa. Akaniuliza, "Shemeji, siku zile za mwisho, baba alisema nini juu yangu?"

Mwanangu, ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka, na uongo ungetupumzisha wote wawili. Ningesema alimbariki, akalala. Lakini alikuwa mzee mwenzangu, na alikuwa amelibeba swali hilo tangu ujana mpaka uzee. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia baba hakumlaani hata siku moja. Alikuwa anauliza tu kama amefika. Kila geti lilipolia.

Nilidhani atalia, hakulia. Alikunja mkono wa shati lake akaninyooshea mkono wa kushoto, saa ya baba ikiwa bado hapo, akasema, "Nionyeshe mlivyokuwa mnamfanya." Nikamshika, nikaanza na vidole. Alikuwa anatazama kama mwanafunzi. Tulipofika begani alisema inatosha, akashukuru, akaomba nimsindikize mpaka kaburini kwa baba yake, pale nyuma ya migomba. Alikaa pale mpaka baridi ikaanza kuteremka kutoka mlimani, mimi nikiwa nimesimama naye, maana kuinama siwezi.

Basi ndiyo hayo. Mliniuliza saa inafaa au haifai, na mimi bado sijui. Pengine ni nzuri kama mnavyosema. Bisheni, mcheke, mkipata uwezo nunueni, sitawanunia. Vijana lazima wapende kitu.

Ninachowausia ni hiki, na mkichukue hata kama mengine mtayaacha. Mkienda kwa mtu wenu aliye mgonjwa au aliyezeeka, muulizeni kwanza amelalaje, kisha msikilize jibu mpaka mwisho. Mkiambiwa mkono wake ni mbaya, ushikeni mkono. Kazi ya kumwosha mzazi wenu msimwachie mtu mwingine kwa sababu tu yuko karibu. Na wewe ukikosea, kama wote tunavyokosea, ukaondoka kwa aibu, rudi. Rudi hata kama umechelewa, hata kama huna la kusema, hata ukiingia mikono mitupu. Aliye ndani hasubiri maelezo yako. Anasikiliza geti.

Sasa nisaidieni niinuke, chakula kiko jikoni. Mungu awalinde mnapoteremka na mnapopanda. Awape kazi mnazozipenda na wenzi wa kucheka nao. Awafikishe uzeeni, wanangu, na huko uzeeni awape watu watakaokuja, wakakaa.