Meko Yaliyozibwa Ukutani

Mwanangu, bado naiona asubuhi ile nilipopiga nyundo ukuta wa chumba cha mama yangu, kule Itiryo, nikitaka kupigilia msumari. Plasta ilidondoka, na nyuma yake nikaona meko. Si mafiga matatu unayoyajua. Haya yalijengwa kwa mawe ndani ya ukuta, na bomba la moshi likipanda hadi juu ya paa. Nyumba aliijenga mzungu mmoja zamani, baba akainunua, na meko yakazibwa kabla sijazaliwa.

Ningepaswa kumwita mama aone. Sikumwita. Nilikuwa nimetoka Nyangoto kuchimba dhahabu, na macho yangu yalikuwa yameharibika: kila jiwe lenye mshipa mweupe niliona ni mali. Nikang'oa matatu, nikayapeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Ulitoka unga mtupu.

Niliporudi kung'oa mengine nikamkuta mzee Mwita, fundi aliyeyajenga meko yale akiwa kijana. Mama ndiye aliyemwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepata ngapi, tajiri?"

"Hakuna kitu."

"Mura, kijana wangu, mawe haya niliyachagua mlimani moja moja. Ungeng'oa hili la juu, bomba lote lingemwangukia mama yako."

Nikatazama kitanda. Kilikuwa hatua moja kutoka ukutani. Nikaiweka nyundo chini.

Hakunikejeli tena. Alinipandisha paani nikatoa viota vya ndege ndani ya bomba. Tukatafuta mawe matatu mlimani, tukachekecha udongo wa kichuguu, tukauchanganya na majivu, tukaziba kila ufa kwa vidole. Siku zote hizo mama alikohoa kwa baridi na moshi wa jiko la mkaa, wala hakunilaumu. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Mwisho mzee akawasha nyasi kavu kiganja kimoja. "Moshi ukirudi chumbani, tumekosea," akasema.

Moshi ulisita kidogo, ukajikunja, ukaingia bombani kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ukuta ukaanza kuvuma taratibu. Nikavua kofia. Mgodini niliona mitambo mikubwa, lakini hakuna iliyonifanya nivue kofia. Mama akanyoosha mikono.

"Kumbe miaka yote nimelala nimeyapa mgongo meko haya," akasema, akacheka bila kukohoa.

Sitakudanganya kwamba moto ule ulimponya. Alifariki kabla ya masika. Lakini alifia kwenye joto, na mimi nilikuwepo, nikichochea kuni.

Basi nisikilize, mwanangu. Kabla hujavunja kitu cha zamani, uliza kinashikilia nini, na umuulize fundi wake angali hai. Kama umeshavunja, kiri, kisha ushike udongo urudishe. Mungu akujalie nyumba yenye joto, na wazazi wako walale ndani yake bila kuogopa nyundo yako.