Mtihani wa Kuosha Maiti

Mwenyekiti wa chama chetu cha Waswahili wa Texas amesoma kitabu kimoja maishani mwake, na adhabu yake tumeipata sisi. Ni kitabu cha maisha ya rais mmoja wa Marekani wa zama za kale. Kila harusi, kila maulidi, kuanzia Richardson anakokaa yeye, kaskazini mwa Texas, hadi huku kwetu Missouri City, kusini, alitusimulia habari za rais huyo huku biriani inapoa mezani.

Kwa ufupi, rais yule alipanda ngazi kwa kubebwa. Wakubwa wa chama chake walimpatia ukuu wa forodha, ofisi ikajaa watu wao, wanaojua kazi na wasiojua. Baadaye akawa makamu wa rais, bosi wake akapigwa risasi, naye ambaye hakuna aliyetarajia chochote kutoka kwake akakalia kiti. Hapo akawageuka waliombeba: akatia saini sheria kwamba baadhi ya kazi za serikali zitolewe kwa mtihani, si kwa kujuana. Chama chake hakikumsimamisha tena, na haukupita muda akafa kwa maradhi ya figo aliyokuwa akiyaficha.

Rais huyo sina ugomvi naye. Mtu aliyekula na wenzake kisha akaona haya, namheshimu. Anayenitia kichefuchefu ni mwenyekiti wetu, ambaye katika maisha yote yale aliona mtihani tu, haya hakuiona.

"Hatuwezi ku-run chama kienyeji," alitutangazia. "Lazima tu-reform."

Mweka hazina ni mpwa wake na katibu ni shemeji yake. Hao hawakuulizwa hata swali moja. Mtihani aliupeleka kwenye kazi pekee ambayo hakuna anayeigombea, kuosha maiti. Wanawake waoshaji wafanye mtihani kwa Kiingereza, kwenye kompyuta, na asiye na kadi ya kufaulu asikanyage chumba cha kuoshea.

Mama yangu alikuwa na shoga yake, jirani yetu tangu Mombasa, ambaye hapa anaishi na mwanawe mitaa miwili kutoka kwetu. Bibi huyo ameosha maiti tangu ujana wake. Ndiye aliyemwosha nyanya yangu. Mama alipozidiwa aliniomba mimi bintiye jambo moja tu: aoshwe na shoga yake, asiguswe na mkono wa mgeni. Nikamwahidi.

Shoga wa Mama alivaa buibui lake jipya akaenda kufanya mtihani. Swali la kwanza lilihusu dawa za kusafishia meza, na kompyuta hakuwahi kuigusa. Akafeli. Aliyepata alama zote alikuwa mke wa mwenyekiti, na naapa maswali aliyaona mapema. Mimi muuguzi, niliyezoea mitihani, nililicheka jambo lile kazini siku nzima. Sikwenda kumtetea, na hilo linaniuma.

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Mke wa mwenyekiti akaendesha gari kutoka Richardson, akafika chumba cha kuoshea baada ya adhuhuri, kadi inaning'inia shingoni. Alifunua shuka, akaona uso wa Mama, akarudi nyuma mpaka ukutani. Hakuwa amegusa maiti hata siku moja. Akatoa simu, akaanza kunisomea hatua ya kwanza.

Nikatoka. Shoga wa Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, kafuri imo mkobani mwake. Nikamwambia ile kadi ni upuuzi mtupu, aingie, lawama nitabeba mimi. Hakunyanyuka.

"Mwanangu, mie nilifeli," akasema. "Wasomi washaandika kwamba sijui. Na nikimkosea mamako?"

Nilimsihi, nikamkumbusha nyanya yangu, nikamkumbusha wote aliowaosha Mombasa nzima. Akatikisa kichwa. Alinitilia kafuri mkononi, akajifunika uso kwa buibui. Nikarudi ndani, nikamwosha mama yangu kwa kubahatisha, nikielekezwa na mwanamke aliyekuwa akisoma simu huku ametugeuzia mgongo.